Meno ya Msimulizi

Kitu cha kwanza kilikuwa mate. Si mengi, tone moja tu, lakini lilining'inia kwenye mdomo wa plasta, na plasta haina mate.

Fundi Meno aliliona asubuhi moja baada ya chai, alipoingia kwenye karakana yake nyuma ya nyumba kwenda kuandika riwaya. Akalifuta kwa kidole gumba, kisha akakinusa kidole. Hebu niambieni, mtu mzima anaona ute asioujua umetoka wapi, na badala ya kutafuta sabuni ananusa. Harufu ilikuwa ya jino lililooza hadi kwenye mzizi, lile linalotoa usaha ukilibonyeza. Aliijua vizuri harufu hiyo, maana ndiyo iliyomlisha maisha yake yote ya kazi.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia hospitalini. Daktari akishachukua alama ya kinywa cha mgonjwa, yeye alimimina plasta ndani yake, akapata kinywa cheupe cha kufanyia kazi, fizi na kaakaa na kila kitu, na juu ya kinywa hicho akapanga meno. Mgonjwa akiondoka na meno yake, kinywa cha plasta hutupwa. Mafundi wote wanatupa. Huyu hakutupa hata kimoja. Alivibeba nyumbani ndani ya mfuko wa chakula chake cha mchana, akavipanga kwenye rafu za karakana kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kila kimoja na jina la mwenyewe chini yake kwa kalamu ya risasi. Wengi wa wenye vinywa hivyo walishakufa zamani.

"Nyumba hii ina vinywa vingi kuliko watu," mkewe alizoea kusema, "na hakuna hata kimoja kinachoniuliza nimeshindaje."

Siku ya kuagwa kazini alisimama na soda yake mkononi, akatangaza kwamba sasa anakwenda kuandika riwaya. Watu walipiga makofi, na makofi ndiyo yaliyomponza. Tangu siku hiyo kila aliyekutana naye njiani alimuuliza, "Fundi, kitabu kimefika wapi?" Naye alijibu, "Kinakwenda." Hakikuwa kinakwenda popote. Alikuwa na mwanamke mmoja amesimama mlangoni, na mvua inanyesha. Miezi ikapita, mvua inanyesha tu na mwanamke amesimama pale pale.

"Mwingize ndani basi," mkewe akamwambia akisoma kwa juu ya bega lake. "Atapata kichomi."

Alicheka mwenyewe kwa utani wake, akiziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake, kwa sababu meno yake ya bandia yalikuwa ya zamani na yalipenda kucheza. Fundi Meno hakucheka. Tangu astaafu alikuwa amegeuka mtu wa kununa.

Mchana wa siku ile ya mate, alipokuwa ameketi anautazama ukurasa wake, kitu kilinong'ona kwenye rafu. Sauti ilikuwa laini, ya mtu asiye na meno, maneno yanalowa na kuteleza kabla hayajatoka.

"Huyo mwanamke hakusimama mlangoni kwa ajili ya mvua," ilisema. "Amesimama kwa sababu ndani kuna mtu anamwita, na mtu huyo, mwanamke ndiye aliyemzika kwa mikono yake."

Mimi ningekimbia na kuacha viatu. Wewe pia. Fundi Meno alichukua kalamu.

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Kila siku akimaliza chai anaingia, anafunga mlango, na sauti inasimulia. Ilisimulia vizuri mno, lazima tuseme ukweli. Lakini kila neno lilikuja na rasharasha, na rasharasha hizo zilitua juu ya karatasi, zikakauka zikawa magamba ya njano, kurasa zikagandana. Alizibandua kwa kisu cha kukatia nta. Magamba yalimwingia chini ya kucha. Alikwenda mezani na kucha hizo hizo, akala.

"Kuna panya amefia huko kwako?" mkewe aliuliza.

"Ni gundi."

"Gundi gani inanuka kama jipu?"

Fundi Meno alirudi karakanani. Alikuwa anajua kabisa kwamba hadithi si yake. Aliandika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza hivyo hivyo.

Kilichomkera ni kitu kimoja, na hapa ndipo ujinga wa ufundi ulipoingia. Sauti ilikuwa inameza maneno. Katika kila sentensi kulikuwa na sehemu imeyeyuka, na yeye alikuwa amezoea kazi safi. Siku moja akashindwa kuvumilia, akaitolea maneno aliyowaambia wagonjwa miaka nenda miaka rudi.

"Meza mate kwanza, halafu sema."

Kisha kitu kikafyonza, kikameza, sauti nzito kama ya sinki linalozibuka.

"Sina meno," sauti ikasema. "Wewe si fundi?"

Mtu mwingine yeyote angeombwa vile, asingekuwa na cha kutoa. Mwalimu angempa nini, au dereva? Lakini huyu alikuwa na nta, plastiki ya rangi ya waridi, tupa, na boksi zima la meno mapya aliyojiwekea. Tena, na hili ndilo linalonichefua, alifurahi. Hakuna aliyemwomba kazi tangu astaafu.

Alitafuta kinywa ambamo sauti ilikuwa inatokea. Kilikuwa kwenye rafu ya katikati, kimelowa chapachapa, na ile plasta nyeupe ilikuwa imeanza kupata wekundu kwenye fizi. Katikati ya mikunjo ya kaakaa kulikuwa na nyuzi za nyama zimenasa, nyama ambayo hakuna mtu aliyeila. Akakigeuza kusoma jina. Lilikuwa jina la mkewe. Alikuwa amemtengenezea meno yeye mwenyewe, mkewe alipopoteza yake kwa ugonjwa wa fizi binti yao akiwa bado mdogo.

"Plasta ni plasta," akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akafanya kazi ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alipanga jino kwa jino, akapika plastiki, akapiga tupa, akang'arisha mpaka yakawaka. Na meno mapya, kwa wasiojua, hayavaliwi siku hiyo hiyo. Hulazwa ndani ya maji usiku kucha ili uchungu wa plastiki utoke. Mikono ya Fundi Meno ilikuwa na mazoea yake na haikumuuliza chochote. Ilichukua gilasi, ikajaza maji, ikatumbukiza meno, ikaweka gilasi mahali ambapo gilasi za meno huwekwa katika nyumba ile, kwenye kibao cha bafuni, ubavuni mwa gilasi ya mkewe.

Asubuhi mkewe alitoka bafuni anacheka, na hakuziba mdomo.

"Kumbe ndiyo kazi uliyokuwa unafanya huko," alisema. "Mimi nakusema vibaya, kumbe mwenzangu ananitengenezea meno. Tazama yanavyokaa. Yamebana kabisa." Akageuza uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha ili aonekane vizuri. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kumfurahia mume wake namna ile.

Fundi Meno alitaka kusema. Nampa hilo, alifungua kinywa. Lakini kabla hajatoa neno, kinywa cha mkewe kilifunguka tena chenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ile ya kwenye rafu, sasa safi, kila herufi mahali pake.

"Tuendelee," ilisema. "Tulifika kwenye kaburi."

Mkewe alijipiga kofi mdomoni, akakizuia kinywa kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Na mumewe, badala ya kumshika, aligeuka kutafuta karatasi.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Sauti ikimaliza sura yake inalala, na mama wa watu anarudiwa na ulimi wake, analia, anasukutua kwa chumvi, anasukutua kwa ndimu. Haikusaidia kitu. Meno yalikuwa na njaa. Alijikuta mbele ya friji anatafuna maini mabichi, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na maini hayo alikuwa ameyatoa kwa ajili ya chakula cha mchana. Alijikuta ananyonya sponji ya kuoshea vyombo, ile iliyokaa siku nyingi ikawa na utelezi. Alichana nywele, na alipoziondoa kwenye kitana, mkono ulizipeleka mdomoni badala ya kuzitupa, na meno yakazisaga taratibu, krr, krr, naye anasikia kila unywele unavyokatika. Alipotapika, meno yaliyatafuna matapishi yakiwa yanatoka, yakamlazimisha kuyameza upya. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kama ni kuchefuka basi tuchefuke wote.

"Yatoe," alimwambia mumewe kwa kunong'ona, kwa sababu aliogopa kuyaamsha. "Nimevuta mpaka nimechoka. Yamenasa."

Fundi Meno alimkalisha kwenye mwanga, akammulika kwa tochi. Fizi zilikuwa zimepanda juu ya plastiki, utando mwembamba wa nyama kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka, na ndani ya plastiki yenyewe vilionekana vimishipa vyekundu vinapiga. Kati ya meno kulikuwa na ukoga wa kijani. Alipougusa kwa kibanio, ukajikunja.

"Kesho," akasema. "Lazima nitafute namna ya kuyalegeza kwanza."

"Unaniambia kweli?"

"Kesho, mke wangu."

Kesho yake waliandika sura mbili.

Aliyekuja kuvuruga mambo ni binti yao, ambaye alikuwa mshonaji na alikaa mtaa wa pili. Alikuja na gauni la mama yake alilolipunguza kiunoni. Harufu ilimpokea getini. Alimkuta mama yake jikoni, uso umekonda, mashavu yamebonyea, kanga imelowa mate kifuani. Mama alimshika mkono kwa nguvu.

"Nisikilize haraka kabla hayajaamka," alinong'ona.

"Kabla hayajaamka nini, mama?"

"Meno."

Binti alidhani mama yake ameanza kuchanganyikiwa. Kisha akaona mama amenyamaza na koo limetulia tuli, lakini meno yanaendelea kugongana yenyewe, polepole, kama mtu anayepiga vidole mezani akisubiri chakula. Akaacha gauni lilipoangukia, akatoka mbio.

Alirudi na Bi Kikopo. Huyo ni mganga wa majini aliyejulikana mji mzima kwa kikopo cha maziwa ya unga alichotembea nacho, cha kutemea makohozi. Hakuwa mtu wa kupendeza kukaa naye karibu, lakini alikuwa anajua kazi yake. Alimfungua mama kinywa, akatazama, akanusa, akatema kwenye kikopo.

"Huyu ni jini wa kinywani," akasema. "Hana mwili, hana sura, ana hadithi tu. Anamshika mtu kwa hadithi. Akifika mwisho anakula ulimi wa aliyemvaa, halafu anaondoka kutafuta mwingine."

"Anatolewaje?" binti akauliza.

"Aliyeyatengeneza ayatoe kwa mkono wake. Leo, hadithi ikiwa bado. Ikishaisha msiniite, sitakuwa na cha kufanya." Akamgeukia Fundi Meno. "Umebakiwa na kiasi gani?"

"Sura ya mwisho."

"Basi usiisikilize. Kamata koleo lako."

Fundi Meno alitikisa kichwa kukubali, akakitikisa tena, halafu akauliza, "Na akitoka, mwisho wa hadithi anauacha?"

Bi Kikopo alitema tena kwenye kikopo. Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Baba, umeuliza nini?"

"Nimeuliza tu."

Akasema kazi ile itafanyika karakanani, kwenye vifaa vyake, na kwamba chumba ni kidogo, wakijazana watamzibia mwanga. Akamshika mkewe mkono, akamwongoza. Mama wa watu alimfuata bila ubishi, kwa sababu ni mume wake na kwa sababu ndiye aliyekuwa fundi. Mlango ukafungwa. Binti alisikia ufunguo unazunguka, akafikiri ni tahadhari tu.

Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani, na vinywa vyote kwenye rafu vilikuwa vimelowa. Alimkalisha mkewe kwenye kiti, akachukua koleo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akachukua kalamu. Hesabu yake ilikuwa hii, na aliiamini kwa moyo wote: ataandika mpaka neno la mwisho, na kwenye nukta, kabla meno hayajafumba, atavuta. Alikuwa na mikono mepesi. Hospitali nzima ilimsifia mikono yake.

"Sema," akasema.

Sauti ikaanza. Ilisimulia jinsi mwanamke alivyovuka kizingiti hatimaye, mvua ikabaki nyuma yake, jinsi alivyopita ukumbini akifuata ile harufu tamu ya kitu kilichooza hadi kwenye kitanda alichokitandika mwenyewe, na juu ya kitanda akamkuta yule aliyemzika ameketi, udongo umejaa kinywani, anamkaribisha kwa mkono, naye akajilaza ubavuni kwake kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na kalamu ya Fundi Meno ikakimbia, jasho likamdondoka juu ya karatasi likachanganyika na mate ya njano yaliyokuwa yanaruka kutoka kinywani mwa mkewe na kumtua kwenye nyusi, kwenye mdomo wa juu, na aliyalamba bila kujua kwamba ameyalamba, akaandika, na hapo sauti ikabadilika ikawa nyembamba, sauti ya kike, inakatika, inakuja kutoka chini sana kama mtu aliyefunikwa kwa magodoro.

"Mume wangu, yatoe. Yameanza kuniuma pembeni mwa ulimi."

Moyo wake uliruka. Si kwa huruma. Aliona uzuri wa jambo lile, kwamba mwanamke wa kitabuni alikuwa na mume wakati wote, na mume huyo yuko chumbani, anatazama. Hakuwahi kulifikiria. Akafungua alama za kunukuu, akaandika.

"Ni mimi, mke wako," sauti ikasema. "Si yule wa kitabuni. Nitazame."

Akaandika hilo pia, neno kwa neno. Nywele zilimsimama kwa utamu wake. Koleo lilikuwa limeshamponyoka zamani, liko sakafuni, na mkono wa kushoto ulikuwa unashikilia karatasi isiteleze.

"Nakuomba. Nakuomba, baba. Naisikia damu ya—"

Akangoja. Halikuja neno jingine. Alichosikia ni kutafuna, kwa utulivu, kama mtu aliyepewa kipande kigumu cha nyama na hana haraka nacho. Akaweka nukta. Ndipo akainua macho.

Mlango ulivunjwa na binti na jirani aliyeitwa kwa makelele. Bi Kikopo aliingia akaona, akatema sakafuni bila kutafuta kikopo. Hakukuwa na haja ya kuvuta chochote. Meno yalianguka yenyewe mapajani mwa mama, yameshiba, yamefumba, yanang'aa, utando wa fizi unaning'inia pembeni kama uzi wa gauni lisilopindwa. Bi Kikopo aliyaponda kwa mchi mpaka yakawa unga wa waridi, akaamuru vinywa vyote vipondwe, na jioni ile jini likatoka katika nyumba ile na halikurudi. Kwa upande wa jini, mambo yaliishia hapo.

Mama alipona jeraha la mahali ulipokuwa ulimi. Binti alitaka kumhamishia kwake, lakini alikataa kutoka, akashika mbao za kitanda, kwa hiyo binti ndiye aliyehamia pale. Alimpikia uji, akamlisha. Chakula cha baba yake alikiweka karakanani, mlangoni, na hakumwita Baba tena. Fundi Meno alilia, kweli alilia, wiki nyingi. Na katikati ya kulia aliuchukua mswada, akabandua kurasa, akaunakili kwenye karatasi safi zisizonuka, akaupeleka kwa mchapishaji.

Mhariri alikuja mwenyewe nyumbani, kijana mwenye miwani na viatu safi. Alikaribishwa sebuleni. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, bakuli la uji mapajani.

"Mzee, nimehariri vitabu vingi," kijana alisema, "lakini sura ile ya mwisho ilinifanya niweke kazi chini. Pale mke anaposema, 'Ni mimi, si yule wa kitabuni.' Mtu anafikiriaje kitu kama hicho? Umekitoa wapi?"

Fundi Meno alitazama mikono yake.

"Nilibuni," akasema.

Kijiko kikagonga bakuli. Mama aliliweka bakuli sakafuni, akainuka, akavuka sebule hadi mbele ya mgeni, na kijana akasimama kwa heshima, akampa mkono, akitabasamu. Mama hakuupokea. Aliinama karibu na uso wake, mahali penye mwanga, akafungua kinywa.